Maji iko hatua ngapi kutoka ku kitanda?

Haya maneno ya kunawa mikono na usafi mu hospitali niliyasema Jumamosi moja mu sale ya parokia, hapa Goma upande wa Ndosho, mbele ya wamama wa usafi, manesi, wanafunzi wa staji na wazazi wenye kulalaka hospitali na wagonjwa wao. Wengine waliniomba niyaandike. Nimeyaacha vile yalitoka ku mdomo.

Wamama, wababa, wayaya, na nyinyi wadogo zangu wa staji, jambo yenu wote. Aksanti kwa kufika, najua Jumamosi iko na kazi mingi na wengine mumetoka zamu ya usiku hamujalala hata kidogo.

Nitaanza na hatua, mikrobi tutaikuta mbele. Kuko kituo moja nilitumika zamani, jina yake tuache. Mu materinite tulikuwa na vitanda kumi na mbili na robine moja (bomba ya maji), na ile robine ilikuwa inje ku koridori, karibu na mlango ya choo. Usiku moja nikahesabu hatua zangu kutoka ku kitanda ya mwisho mpaka ku robine, nikapata hatua 41, kwenda tu, kurudi ni 41 ingine. Sasa muhesabu pamoja na mimi: nesi mmoja, wamama kumi na wawili, watoto wao, huyu anatoka damu, huyu serumu imeisha, huyu analia mutoto hanyonyi, na umeme imeenda. Ile usiku nilinawa mara tatu. Niligusa watu mara ngapi sijui, zaidi sana ya tatu. Kisha siku tatu mutoto mmoja kitovu ikaanza kunuka, akapata moto mu mwili, akaacha ziwa. Alipona, Mungu asifiwe, lakini alipona kisha siku mingi ya sindano mu mwili kadogo vile, na mama yake aliuzisha vitenge vyake viwili kwa kulipa dawa. Mpaka leo ninajiuliza ni mukono wa nani ulimupelekea ile kitu. Wangu uko kati ya ile mikono.

Shefu alikuwa amebandika karatasi ku ukuta, karatasi ya rangi, imeandikwa nawa mikono yako. Tulipitaka mbele yake kila siku. Hakuna mutu aliuliza maji iko wapi. Na mutu alitengeneza ile mambo hakuwa dokta wala mimi, ni mama mwenye kupanguza chini, mama mukubwa tu mwenye hakusoma sana, asubuhi moja alikamata bidoni ya litre 20 yenye karobine, akaiweka ku kiti kati ya kitanda ya sita na ya saba, basini chini, kipande ya sabuni mu kakopo yenye alitoboa matundu ili sabuni isilale mu maji. Hakuomba ruhusa kwa mutu. Ile siku tukaanza kunawa, wote, hata wale wavivu, juu hatua 41 ilikuwa imekuwa hatua nne.

Basi njo ile kitu moja nimekuja kuwaambia leo, mukisahau ingine yote mukumbuke hii: mbele ya kulaumu mikono ya mutu, uliza maji iko wapi, na mbele ya kuuliza dokta, uliza mama wa usafi, juu yeye njo anajua.

Watu wanasemaka hospitali ni pahali ya kupona. Ni kweli. Lakini OMS, shirika ya afya ya dunia, iliandika mu raporti yake ya 2022 kama mu inchi tajiri, ku wagonjwa 100 wenye kulazwa hospitali, saba wanapata ugonjwa ingine mule mule, ugonjwa hawakuja nao, na mu inchi za mapato kidogo sawa yetu wanafika 15. Na ku kila kumi wenye kuupata, mmoja anakufa. Huyo mmoja hakufa na kile kilimuleta. Alikuja kuzaa, ao alikuja na mguu imevunjika, akakufa na kitu tulimupatia sisi.

Nyinyi wa staji, mulishasikia Yambuku lakini pengine hamukuambiwa vizuri. Mwaka 1976, kule Équateur, kulikuwa hospitali ya wamisionari, na asubuhi wagonjwa wa kuja na kurudi walikuwa wengi, na kwa siku yote walikuwa wanatoa sindano tano tu. Tano. Unachoma huyu, unasuuza ile sindano mu maji ya moto kidogo, unachoma mwengine. Ebola ikapita mule mu ile sindano tano. Watu 318 waligonjwa, 280 wakakufa, na ku wafanyakazi 17 wa hospitali 11 wakakufa, hospitali ikafungwa. Hata profesa Muyembe wetu, dokta wa virusi, tunamujua wote, alienda kule akiwa bado kijana, akatoa damu ya wagonjwa bila glavu (ile tunaitaka gan), damu ikamumwangikia ku vidole na ku mikono, na alikuwa na maji na sabuni tu za kunawa. Alinawa. Sisemi sabuni inatosha kwa Ebola, hapana, Mungu alimulinda pia na leo hakuna mutu atakuruhusu kufanya vile. Ninasema ile siku kama hata ile maji na sabuni haingekuwa karibu, pengine mutu mwenye kufundisha inchi yote mambo ya Ebola tungemukosa akiwa bado kijana.

Kisha Kikwit 1995, Ebola tena. Wagonjwa 315, na kati yao 80 walikuwa wafanyakazi wa afya, yaani ku kila wanne mmoja ni sisi. Wakati walileta vifaa vya kujikinga na wakafundisha watu namna ya kuvivaa na kuvivua, maambukizi ya wafanyakazi ikakaribia kukoma. Virusi ilikuwa ile ile, watu ni wale wale, kilichobadilika ni vitu vilifika mu mikono ya watu na mutu akawaonyesha.

Na Ebola yetu ya hapa hamuhitaji nikumbushe, mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, Kivu Kaskazini na Ituri, watu zaidi ya 2,200 wamekufa. Mwezi wa saba 2019 ilifika Goma hapa, mutumishi wa Mungu mmoja alitoka Butembo na bisi, akaenda kutibiwa, na wale walimupokea hawakumutendea sawa malaria ya kila siku, walishuku, wakaita ekipi, akapelekwa. Munakumbuka ile woga, mupaka na Gisenyi ya Rwanda, watu wanasalimiana na kiwiko. Mimi ninakumbuka bidoni. Ku kila mlango bidoni, ku shule, ku soko Virunga, ku kanisa, ku banki, watoto wa miaka mitano walijua kunawa kuliko mimi nilijua nikitoka shule. Kisha ugonjwa ikaisha, na bidoni zikaanza kukauka moja moja. Nilipita ku mahali mingi nikakuta kiti ya bidoni ingali pale lakini bidoni imeenda nyumbani kwa mutu. Ile inaniuma mpaka leo, kuliko mambo mingi. Juu mikrobi za kila siku hazikuenda na Ebola, kolera ilibaki, ile ya vidonda ilibaki, na 2024 mpox ikatoka Kamituga, kule Kivu Kusini, ikapanda mpaka mu kambi za wakimbizi za hapa kwetu, na ikakuta viti bila bidoni.

Kuhusu kloro nataka tukae kidogo, juu hapa kuko makosa mingi na wamama wa usafi hawakuelezwa, walipewa tu unga na kuambiwa weka mu maji. Kuko kloro mbili. Ile kali ni ya vitu, chini, kitanda, damu: asilimia 0.5. Ile nyepesi ni asilimia 0.05, mara kumi chini yake. Na ile unga ya kloro tunaitaka HTH, mu bidoni ya litre 20, kali ni vijiko kumi vya supu, nyepesi ni kijiko moja. Kumi kwa kali, moja kwa nyepesi, ile tu. Ukichanganya hizo mbili unaunguza ngozi ya watu ao unapanguza kitanda na maji yenye haiui kitu. Andika ku bidoni na kalamu ya marka, na kama mwenzako hasomi, funga kamba nyekundu ku ile kali. Na kloro ya jana si kloro ya leo, jua inaila, mwangaza inaila, kila asubuhi unatengeneza mpya, na unafunika. Tena kwa mikono, kama kuko sabuni na maji, nawa na sabuni na maji, ao alkoli ya mikono kama mikono haina uchafu wa kuonekana. Kloro nyepesi ni ya wakati hakuna kitu ingine. Na hii ya kupulizia watu kloro ku mwili na pompa, sawa tuliona wakati ule, hapana, inaharibu macho na mapafu na haisafishi mutu.

Kitu ingine yenye nimeona na macho: mama anamwanga kloro juu ya damu mbichi, anapanguza palepale, anaenda. Kloro inachoka mu uchafu, wamama. Damu inaimaliza nguvu mbele ifike ku mikrobi. Fanya hivi: vaa glavu ile nzito, weka kitambaa juu ya damu, mwanga kloro kali juu ya kitambaa, ngoja dakika kumi na tano, kamata kitambaa yote utupe mu takataka ya hatari, kisha osha pale na maji ya sabuni, kisha kloro tena. Na usifagie kavu mu chumba ya wagonjwa. Hapa kwetu vumbi ni nyeusi, ni ya volkano, ukifagia kavu inapanda, inatua ku vidonda, ku chupa ya mutoto, ku mdomo ya mwenye kulala. Panguza na kitambaa yenye maji, anza ku mahali safi uende ku mahali chafu, choo njo mwisho, na ile kitambaa ya choo isirudi ku kitanda hata kama Kristo anakuja.

Manesi, sasa nyinyi. Simu.

Usiku umeme inaenda, tunafanya nini? Tunatosha simu, tunawasha toshi, tunaiweka mu meno ao juu ya kitanda kati ya miguu ya mama, na tunazalisha. Nimefanya, wote mumefanya, hakuna njia ingine ile saa na sitamulaumu mutu. Lakini ile simu ilikuwa mu mfuko, mbele ya pale ilikuwa ku soko, mbele ya pale mutoto wako alikuwa anacheza nayo, na kisha pale inarudi ku sikio yako na damu yenye hauioni. Mukiwa na uwezo, mununue toshi ya kufunga ku kichwa, moja kwa zamu yote, iwe ya chumba, isiende nyumbani. Kama hamuna, muweke simu mu kasashe (kamufuko ka plastiki) kasafi kenye mwangaza inapita, mukimaliza mutupe kasashe. Na zile nyakati tano za kunawa munajua, mbele ya kugusa mugonjwa, mbele ya kazi safi sawa kuweka serumu, kisha kugusa damu ao majimaji ya mwili, kisha kugusa mugonjwa, na ile ya tano watu wanaisahau: kisha kugusa vitu karibu na mugonjwa, hata kama yeye mwenyewe haukumugusa. Kitanda yake. Meza yake. Ile simu.

Glavu haiko mukono mpya. Nimeona mutu na glavu moja anatoka kwa mama wa kwanza mpaka wa sita, na anajisikia salama, kweli yeye iko salama, wale sita njo hawako. Glavu moja mugonjwa mmoja, unavua, unatupa, unanawa, juu glavu zinatobokaka na hauoni.

Sindano hazinipe usingizi. Siku moja mwenzetu wa usafi, kijana, alikuwa anakusanya takataka ya labo, mutu alikuwa ametupa sindano mu sashe ya kawaida na makaratasi, ikamuchoma mu paja kupitia nguo. Hakusema. Alisema kisha siku sita, juu aliogopa kufukuzwa. Ile siku sita! Dawa ya kuzuia ukimwi inapaswa kuanza mbele ya masaa 72, na mapema njo muzuri zaidi, unaimeza siku 28. Alikuwa amechelewa. Vipimo vyake vilitoka vizuri, alipona na woga tu, lakini ile miezi ya kungoja ilimukondesha mpaka mama yake akafikiri amerogwa. Basi: sindano haifunikwi tena kisha kuchoma, inaenda moja kwa moja mu kisanduku ya ngumu, na kisanduku ikifika robo tatu inafungwa, haishindiliwi na mukono. Mutu akichomwa, anaosha na maji na sabuni, asikamue, asiweke kloro pale, na anasema saa ile ile, na shefu mwenye kumufokea ile saa anaua watu, niko na maana ile ile nasema.

Na hapa nageukia wakubwa, kuko wawili watatu wenye kusimamia vituo mu hii sale, aksanti kwa kuja. Chanjo ya hepatiti B ni sindano tatu: leo, kisha mwezi moja, kisha miezi sita kuhesabu kutoka ile ya kwanza. Virusi ya hepatiti B inaweza kuishi inje ya mwili siku saba ku damu yenye imekauka ku meza. Mukisikia chanjo munafikiri dokta, nesi, labo. Nani anagusa ile meza ya kwanza asubuhi? Nani anainua sashe? Ninaomba wapangusaji wawe wa kwanza ku liste, hapana wa mwisho. Ninaomba pia wapate buti na glavu nzito zenye ukubwa yao, juu mama wa mguu namba 37 mu buti 43 anaanguka na ndoo yake. Na mukifanya mafunzo ya usafi, musiwaite wale wenye kuandika raporti tu, muite wenye kushika kitambaa, na mufundishe mu Kiswahili hii yetu, si mu Kifaransa ya karatasi.

Najua jibu, hakuna makuta, ni kusema feza. Najua pia maji. Tuko mu mji yenye iko ku ukingo wa ziwa na robine zinakauka, watoto wanabeba bidoni kutoka ku ziwa, chukudu (zile baiskeli za mbao za kusukuma) zinapandisha maji mpaka huku juu ya mawe. 2021 volkano ikaharibu mabomba, mwezi wa kwanza 2025 siku za vita maji na umeme zikakatika na hospitali zikajaa wenye risasi. Kama kuko mutu anajua kutumika na maji kidogo ni sisi. Kwa hiyo siombi robine ku kila kitanda. Ninaomba bidoni, karobine ya plastiki, kiti, basini, na mutu mwenye jina, jina yake iandikwe, mwenye kuijaza asubuhi na saa kumi. Hospitali haiwezi kungoja salongo, ile kazi ya usafi ya watu wote pamoja.

Nyinyi wazazi wenye kulinda wagonjwa sikuwasahau. Hospitali zetu bila nyinyi zingefungwa, nyinyi njo munapika, munaogesha, munamwanga basini usiku wakati nesi iko peke yake. Na hakuna mutu aliwaonyesha. Munalala chini ya kitanda ku kitenge, asubuhi ile kitenge inabeba mutoto ku mgongo kurudi nyumbani. Mu kolera mama mmoja alikuwa anapeleka ndoo ya mugonjwa, anaimwanga, anapanguza mikono ku kitenge, anavunjia fufu mumewe. Mapendo ilikuwa mingi sana mu ile mikono, nilimuangalia nikashindwa kumufokea, nikamushika tu nikamupeleka ku bidoni tukanawa sisi wawili, kwenye vidole, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka ku kiganja. Alisema, kumbe ni hii tu? Kesho yake nilimukuta anaonyesha mwengine wa kitanda ya pili. Muje na kitenge moja ya hospitali tu, ikitoka inaoshwa mbele ya kuingia nyumbani, musikae ku kitanda ya mugonjwa mwengine, na mukiona nesi anakuja kumugusa mutu wenu bila kunawa, mumuambie. Kwa adabu, mama, maji iko hapa. Manesi, mutu akiwaambia vile musikasirike, museme aksanti.

Nimesema sana. Huku mbele nimeleta bidoni, basini na sabuni, na yaya mmoja aliniazima kiti. Kunawa na sabuni inaomba kati ya sekunde 40 na 60, ni mrefu kuliko munafikiri, tutahesabu pamoja kwa sauti. Mama wa pale nyuma mwenye kitenge ya bluu, wewe ulisema wakati tunaingia kama unapanguza mu hospitali miaka kumi na hakuna siku walikuita mbele. Kuja mbele. Utuonyeshe wewe wa kwanza, sisi tutafuata.